Beji za kidijitali zinazotunza siri: tunavyodhani na zilivyo

Mtu wa Unguja au Pemba akitakiwa kuthibitisha ukaazi wake huenda kwa sheha akaandikiwa barua. Barua ina jina lake, na kila anakoipeleka nakala hubaki, ingawa aliyeipokea alitaka kujua jambo moja tu: huyu ni mkaazi au siye? Beji ya kidijitali, yaani alama ya uthibitisho inayowekwa kwenye blokicheni (daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), ikitengenezwa vizuri hujibu swali hilo moja, basi. Nikiieleza, hukutana na dhana hizi.

Dhana: "Ikishaingia kwenye blokicheni, kila mtu ataniona."

Nusu yake ni kweli. Ethereum, blokicheni iliyoanza 2015, ni daftari la wazi, na beji iliyomo katika pochi yako ya kidijitali (akaunti yako kwenye blokicheni) yeyote anaweza kuiona. Kinachofichwa ni akaunti iliyokustahilisha kuipata. Tuseme kikundi cha wakulima wa mwani wa Paje kina orodha ya akaunti za wanachama. Orodha hukunjwa kihesabu, kwa kinachoitwa mti wa Merkle, ikawa namba moja, na hiyo ndiyo huwekwa kwenye blokicheni. Mwanachama huthibitisha kwa simu yake kwamba akaunti yake imo orodhani, bila kusema ni ipi, na beji ikaingia kwenye pochi nyingine, mpya. Akijaribu kuichukua mara ya pili, uthibitisho wake hutoa alama ileile ya mwanzo na programu humkatalia. Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na watafiti Goldwasser, Micali na Rackoff mwaka 1985, zamani kabla ya Bitcoin. Mradi wa Sismo ulitoa beji za namna hii mwaka 2022 kwenye Polygon, blokicheni nyingine.

Lakini mashine haimlindi anayejifichua mwenyewe. Kuandika kwenye blokicheni kuna ada, na ukiituma kutoka pochi ya zamani kwenda mpya, umeziunganisha mbele ya macho ya wote.

Dhana: "Beji zikiwa nyingi ndiyo maendeleo."

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu hubebwa na watu wenye nia njema. Kila mafunzo yana beji yake, kila semina, kila kamati. Sasa hesabu. Wakulima wa mwani wakiwa 400, mwenye beji ni mmoja kati ya 400, na huko ndiko kujificha kwake. Ongeza beji ya wajumbe wa kamati, wako 9. Ongeza ya waliojifunza kuzamia, na katika wale 9 yumo mmoja tu. Hakuna jina lililoandikwa popote, lakini pochi ile imeshataja mtu. Na visiwani tunajuana. Mtu hutambulikana kwa mwendo wake tu akiwa bado mbali.

Kwa hiyo kupunguza beji si usafi wa kabati. Ni kulinda watu. Beji ya mafunzo ya Januari, ya Februari na ya Machi ziunganishwe iwe moja: amemaliza mafunzo. Beji ambayo wenyewe hawafiki idadi fulani, tuseme 50, isitolewe kabisa. Mwajiri atakosa undani kidogo, nami naona bora akose.

Dhana: "Uongozi wa jamii ni kila mtu kuipigia kura kila beji."

Watu watachoka mwezi wa pili, wabaki watatu wakiamua kwa niaba ya wote. Inayofaa zaidi ni kuchagua wachujaji wachache wapendekeze beji za kutolewa, kisha wanachama wapewe siku za kupinga. Kura ya wote iwekwe kwa makubwa: vigezo, idadi ya chini, na namna ya kuwaondoa wachujaji wenyewe. Jamii nyingi za blokicheni huhesabu kura kwa wingi wa tokeni, yaani sarafu za kidijitali zinazouzwa na kununuliwa, hivyo mwenye fedha ndiye mwenye sauti. Beji isiyohamishika haiuzwi, na inaweza kuwa kura moja kwa mwanachama mmoja, mradi hakuna aliyeingiza akaunti mbili. Hilo hesabu haiwezi kuligundua. Kikundi kinachojuana kwa sura kinaweza.

Dhana: "Tukikosea, tutafuta."

Jamii inaweza kuitoa beji kwenye orodha yake rasmi. Kumbukumbu ya zamani hubaki. Ndiyo maana ndani ya beji pasiandikwe jina, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, wala namba ya simu, hata ikiwa imegeuzwa kuwa msimbo. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 9 baada ya 255, na za mwanzo hutegemea kampuni ya simu, kwa hiyo si vigumu kuzikisia. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote, moja baada ya nyingine, mpaka ipate inayolingana na ya kwako.