Sharti la CHECK: tunayodhani na linachofanya

Sharti la CHECK ni kanuni unayoliwekea jedwali la hifadhidata ili likatae thamani zisizofaa.

Dhana: Ukiandika CHECK (bei > 0), kila bidhaa itakuwa na bei.

Jaribu kuingiza -500: PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, itakataa na kukurushia kosa namba 23514. Sasa ingiza NULL, yaani alama ya thamani isiyokuwepo au isiyojulikana. Inapita bila swali lolote. Katika SQL, lugha ya hifadhidata, jibu la ulinganisho laweza kuwa kweli, si kweli, au halijulikani. NULL > 0 halijulikani, na CHECK hukataa pale tu jibu linapokuwa si kweli. WHERE, sehemu ya amri inayochuja rekodi, hufanya kinyume: huchukua rekodi zenye jibu la kweli pekee, na ndiyo maana hata wazoefu huteleza hapa. CHECK (punguzo <= bei) nayo haizuii chochote iwapo upande mmoja ni NULL. Hii si hitilafu. Alama za mtahiniwa ambaye karatasi yake haijasahihishwa zinastahili kuwa NULL. Lakini kama bei ni ya lazima, andika NOT NULL pia, sharti linalokataa NULL.

Dhana: Amri ikikubaliwa, sharti linafanya kazi.

Kabla ya toleo 8.0.16 la mwaka 2019, MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, ilisoma CHECK kisha ikaipuuza kimyakimya. Haikuhifadhiwa popote, kwa hiyo kupandisha toleo hakuifufui. Ukirithi mfumo wa miaka hiyo, usiamini faili la zamani la kuunda majedwali. Ingiza thamani mbovu kwa makusudi uone kama itakataliwa.

Dhana: Sharti jipya husafisha data ya zamani.

Halisafishi kitu. PostgreSQL hukagua rekodi zilizopo na kukataa sharti hata ikiwa moja tu inalivunja. Ukiongeza NOT VALID, ukaguzi huo unasubiri mpaka uendeshe VALIDATE CONSTRAINT, ingawa rekodi mpya hubanwa papo hapo.

Dhana: Fomu ya kuingizia data ikishakagua, inatosha.

Nionavyo mimi, hii ndiyo inayotugharimu zaidi. Faili la CSV linaloingizwa usiku halipiti kwenye fomu, wala UPDATE (amri ya kubadilisha rekodi) ya mkono ya fundi mwenye haraka.

Dhana: CHECK inaweza kuchungulia jedwali jingine.

PostgreSQL na MySQL hazikubali hoja ndogo (SELECT iliyo ndani ya amri nyingine) ndani yake. Kwenye PostgreSQL unaweza kuificha ndani ya funksheni, lakini jedwali lile jingine likibadilika, hakuna kinachokaguliwa upya. Kazi hiyo ipe ufunguo wa kigeni (sharti linalofunga rekodi na rekodi ya jedwali jingine), au triga (msimbo unaojiendesha data inapobadilika).