Homa ya manjano: barua za Havana zinavyojibu maswali ya leo

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kumehifadhiwa maelfu ya barua, telegramu, picha na mikataba kuhusu utafiti wa homa ya manjano. Nyingi zilikusanywa na daktari Philip Hench, yule aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950 kwa kazi ya kotisoni, dawa ya uvimbe wa viungo. Kwa miaka mingi Hench aliwaandikia wazee waliowahi kuumwa na mbu kwa makusudi huko Cuba katika majaribio ya mwaka 1900, akawahoji, akasafiri hadi kwenye eneo la kambi yao. Alipofariki mwaka 1965, mkewe alikikabidhi chuo makaratasi hayo.

Napenda barua kuliko ripoti. Ripoti huandikwa mambo yakishajulikana. Barua huandikwa mtu akiwa bado gizani. Haya ni maswali ambayo watu huuliza kuhusu ugonjwa huu, na pale barua zinapoweza kujibu nimeziachia zijibu.

Homa ya manjano ndiyo homa ya ini?

Hapana. Zote mbili zinaweza kugeuza macho kuwa ya njano kwa sababu ini limeumia, lakini vijidudu ni tofauti. Homa ya manjano huletwa na kirusi kinachosambazwa na mbu. Siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa na mbu mwenye kirusi, mtu hupata homa, kichwa kuuma, mgongo na misuli kuuma, kichefuchefu na kutapika. Wengi hupona baada ya siku tatu nne. Wachache, kama 15 katika kila wagonjwa 100, hupata nafuu ya siku moja hivi kisha hali hubadilika ghafla: macho ya njano, damu puani na kwenye fizi, matapishi meusi kwa sababu ya damu iliyovujia tumboni, figo kugoma. Wanaofikia hatua hiyo, karibu nusu hufariki.

Kabla ya kumjua mbu, watu walidhani inatoka wapi?

Walidhani inatoka kwenye uchafu: shuka, nguo na matapishi ya mgonjwa. Mizigo ya abiria ilifukizwa dawa na magodoro yakachomwa moto. Ugonjwa ukaendelea vilevile.

Nani alimshuku mbu kwanza?

Carlos Finlay, daktari wa Havana, mji mkuu wa Cuba. Mwezi Agosti 1881 alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi cha mji huo akasema mbu ndiye anayebeba ugonjwa, tena akataja aina yake, huyu tunayemwita leo Aedes aegypti. Alisubiri karibu miaka 20 kuaminiwa.

Si kwamba wenzake walikuwa wakaidi tu. Majaribio yake hayakufanya kazi. Alikuwa akimchukua mbu aliyemuuma mgonjwa, kisha baada ya siku chache tu anamweka kwa mtu mwenye afya, na mtu yule mara nyingi haugui ugonjwa wa kueleweka. Kilichokosekana ni muda. Aliyeuona muda huo ni daktari mwingine, Henry Rose Carter, alipokuwa akihesabu wagonjwa katika vijiji vya Mississippi mwaka 1898. Carter aliona kwamba mgonjwa wa kwanza akishaingia kwenye nyumba, kimya kinapita kama wiki mbili hivi, ndipo wengine wa nyumba ileile wanaanza kuanguka. Kuna kitu kilikuwa kinaiva mahali fulani, nje ya mwili wa mtu: ndani ya mbu, ambaye haambukizi mpaka muda huo upite.

Mwaka 1900 kulitokea nini?

Jeshi la Marekani, lililokuwa likiikalia Cuba, lilipeleka tume ya madaktari wanne: Walter Reed, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte. Finlay aliwapa mayai ya mbu wake. Lazear akawafuga, akawa anawapeleka wodini wawaume wagonjwa, kila mbu kwenye chupa yake, na tarehe anaandika.

Tarehe 27 Agosti Carroll alinyoosha mkono, akaumwa na mbu aliyekuwa amekula damu ya mgonjwa siku 12 kabla. Mgonjwa huyo wakati huo alikuwa katika siku ya pili ya homa. Carroll mwenyewe hakuwa akiiamini sana habari ya mbu. Siku chache baadaye alikuwa kitandani, hajulikani kama atapona.

Reed alikuwa Washington. Tarehe 7 Septemba alipata habari kwamba Carroll ana nafuu, akamwandikia barua ya shangwe tupu, akimshukuru Mungu na kutishia kwenda kulewa kwa furaha. Barua ilipokwisha, akaongeza swali upande wa nyuma: Ni mbu ndiye aliyefanya?

Siku moja baadaye, huko Cuba, Lazear alimwandikia mkewe: «Nadhani nipo kwenye njia ya kukipata kijidudu chenyewe, lakini kwa sasa lisisemwe neno, hata kwa kudokeza. Sijamwambia mtu yeyote.» Tarehe 25 Septemba alifariki kwa homa ya manjano, akiwa na umri wa miaka 34.

Lazear alijiambukiza kwa makusudi?

Ripoti ilisema ni bahati mbaya: alikuwa wodini kwenye hospitali ya Las Animas, mbu akatua mkononi, naye akamwacha anywe damu akidhani ni mbu wa kawaida. Wenzake walikuwa na mashaka. Mtu aliyefuga mbu hao kwa mikono yake, anayejua kila mmoja amekula lini, amwachie mbu asiyemjua? Reed alirudi Cuba akakisoma kijitabu cha Lazear cha mfukoni, na mashaka yakaongezeka. Kijitabu hicho baadaye kilipotea, na Hench alikitafuta kwa miaka bila kukipata. Mimi naona maneno «sijamwambia mtu yeyote» ni ya mtu aliyeamua jambo, ila barua haikusema zaidi ya hapo, na mimi siwezi kuisemea.

Walithibitishaje kwamba ni mbu na si uchafu?

Kambi ilijengwa karibu na Quemados, nje ya Havana, ikafunguliwa tarehe 20 Novemba 1900 kwa jina la Lazear. Vilijengwa vijumba viwili.

Cha kwanza kilizibwa kisipitishe hewa wala mbu. Ndani waliweka masanduku ya shuka, mito na nguo zilizotapakaa damu, matapishi na vinyesi vya wagonjwa. Daktari kijana, Robert Cooke, na askari wawili waliambiwa wafungue masanduku, watandike vitanda kwa shuka hizo na walale humo. Sanduku lilipofunguliwa walikimbilia nje, harufu haikuvumilika. Wakarudi. Walilala humo usiku 20. Wakaja wengine wakarudia. Hakuna hata mmoja aliyepata homa ya manjano.

Cha pili kilikuwa kisafi kabisa, kimegawanywa katikati kwa wavu wa waya. Upande mmoja waliachiwa mbu 15 waliokwisha uma wagonjwa. Tarehe 21 Desemba John Moran, mmoja wa waliojitolea, aliingia upande huo akiwa ametoka kuoga, akalala kitandani akaumwa. Siku ya Krismasi homa ikampanda. Waliokuwa upande wa pili wa wavu, wakivuta hewa ileile, hawakuugua.

Mgonjwa wa kwanza wa kambi hiyo, askari John Kissinger, alikuwa ameshaugua mapema mwezi huohuo. Usiku wa mwisho wa mwaka Reed alimwandikia mkewe, Emilie, kwamba sala yake ya miaka 20, ajaliwe kufanya lolote la kupunguza mateso ya binadamu, imejibiwa.

Waliojitolea walijua wanachokubali?

Hapa ndipo penye karatasi ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote, ingawa si barua. Ni mkataba wa Novemba 1900, kwa Kihispania na Kiingereza, wa kijana mhamiaji kutoka Hispania aitwaye Antonio Benigno. Unasema anakubali kwa hiari yake, na kwamba anajua maisha yake yanaweza kuwa hatarini. Anaahidiwa dola 100 za dhahabu, na 100 nyingine akiugua. Akifa, fedha zinakwenda kwa mtu atakayemtaja. Akitoka nje ya kambi kabla ya muda, anapoteza haki zake zote.

Kwa wakati ule, kumwandikia mtu hatari kwa lugha yake na kumtaka ridhaa lilikuwa jambo kubwa. Lakini soma na sababu iliyomo: kwa kuwa hawezi kukwepa ugonjwa akiishi kisiwani, ni afadhali aupate akiwa chini ya madaktari bora. Kwa mhamiaji asiye na kitu, dola 200 na sentensi kama hiyo vinasukuma. Moran na Kissinger, waliokuwa na mshahara wa jeshi au kazi, waliikataa fedha. Na mwaka 1901, katika majaribio mengine Havana, muuguzi Clara Maass alifariki baada ya kukubali kuumwa. Alikuwa na miaka 25.

Afrika imo kwenye habari hii?

Imo, tena katikati, ila barua zake ni chache. Kirusi kilichotengenezewa chanjo kilitoka kwenye damu ya Mwafrika mmoja aitwaye Asibi, huko Ghana, mwaka 1927. Watafiti wa Wakfu wa Rockefeller, shirika la hisani la Marekani, walimchoma nyani kwa damu yake, nyani akaugua. Asibi alipona. Adrian Stokes, aliyekuwa kwenye kazi hiyo, alikufa kwa homa ya manjano mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Hideyo Noguchi na William Young wakafia Accra. Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, ndiye aliyekidhoofisha kirusi cha Asibi hadi mwaka 1937 ikapatikana chanjo iitwayo 17D, ambayo vizazi vyake ndivyo tunavyochomwa hadi sasa. Theiler alipata Nobel. Asibi tunamjua kwa jina hilo moja.

Entebbe nako kulifunguliwa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano mwaka 1936. Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, watafiti walionyesha jinsi kirusi kinavyozunguka kati ya nyani wa juu ya miti na mbu wa msituni, kisha nyani wanaposhuka kuiba ndizi mashambani, mbu wa migombani wanakichukua na kukipeleka kwa watu. Ndiyo maana ugonjwa huu hauwezi kufutwa kama ndui ilivyofutwa. Kenya iliuona tena katika Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993.

Sasa nyumbani nifanye nini mgonjwa akitokea?

Mwahishe hospitali, na huko nyumbani au wodini alale ndani ya chandarua mchana na usiku, hasa siku za mwanzo za homa. Hapo ndipo damu yake inaweza kumwambukiza mbu. Shuka zake zifue kama kawaida. Dawa ya kuua kirusi hiki haipo. Hospitali hutibu maji mwilini, figo na damu inayovuja. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza kuvuja damu.

Mbu wa mjini ni yuleyule wa Finlay, na ndiye pia anayeleta dengi Dar es Salaam na Mombasa. Anauma mchana. Anataga kwenye maji yaliyotulia ya karibu na watu: pipa lisilofunikwa, tairi, kopo, sahani ya chini ya chungu cha maua. Havana ilifunika na kumwaga maji ya namna hiyo nyumba kwa nyumba mwaka 1901, chini ya William Gorgas, na kufikia mwisho wa Septemba mwaka huo ugonjwa ulikuwa umekwisha mjini.

Chanjo haimfai nani?

Ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo wapo wa kuangaliwa. Watoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hawapewi. Vilevile mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, na mwenye ugonjwa wa thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye miaka 60 na zaidi wazungumze kwanza na daktari, maana uamuzi unategemea ukubwa wa hatari huko anakoishi au anakokwenda.

Nilichanjwa miaka mingi iliyopita. Kadi yangu ya njano bado inafaa?

Inafaa. Zamani ilikuwa miaka 10, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinaitambua kwa maisha yote, hata iliyoandikwa kabla ya hapo. Afisa wa mpakani akikuambia imeisha muda, mwonyeshe tarehe ya chanjo na umkumbushe kanuni hiyo kwa upole. Kama ndiyo kwanza unachanjwa, fanya angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu kadi haihesabiki kabla ya hapo.