Umaksi: jina la mtu linapogeuka kuwa jina la nadharia

Umaksi ni nadharia ya jamii na uchumi inayobeba jina la Karl Marx (1818–1883), mwanafalsafa na mchumi wa Kijerumani. Kiswahili kililichukua jina kwa matamshi, x ikawa ks na r ikadondoka, kisha viambishi vikafanya kazi yake: u- kwa nadharia yenyewe, m- na wa- kwa wafuasi (Mmaksi, Wamaksi), ki- kwa mtazamo, kama katika uhakiki wa Kimaksi unaofahamika kwa wanafunzi wa fasihi.

Mwenye jina hakulifurahia. Katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, iliyoanzishwa London mwaka 1864, kambi ya Mikhail Bakunin, mwanamapinduzi Mrusi aliyepinga dola, iliwaita wapinzani wake "Wamaksi" kwa kejeli, yaani watu wanaoburuzwa na mtu mmoja. Wafuasi walikuja kulivaa kwa fahari baadaye. Friedrich Engels, rafiki na mwandishi mwenza wa Marx, anasimulia kwamba Marx, akiwazungumzia baadhi ya Wafaransa waliojiita hivyo, alisema jambo moja la hakika ni kuwa yeye si Mmaksi.

Leo neno hilo lina maana tatu zinazogongana: aliyoyaandika Marx, yaliyoongezwa na Engels, Lenin (kiongozi wa mapinduzi ya Urusi) na wengine, na, katika malumbano ya siasa, tusi tu kwa anayetaka matajiri watozwe kodi zaidi. Kosa huja mtu anaporuka kutoka maana moja hadi nyingine bila kusema. Istilahi ya "uyakinifu wa kidialektiki", yaani mtazamo kwamba ulimwengu ni maada inayobadilika kwa mgongano wa vinyume, kwa mfano, hupachikwa kwa Marx, ilhali iliandikwa na mwanafalsafa Joseph Dietzgen mwaka 1887, Marx akiwa kaburini miaka 4. Basi ukinukuu juzuu ya kwanza ya Das Kapital (1867), andika "kwa mujibu wa Marx". Ukieleza mapokeo, andika "Wamaksi", tena useme wepi, maana Lenin na Gramsci, Mmaksi wa Italia, si kitu kimoja.

Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale ambaye jina lake nalo liligeuka neno, yalimkuta makubwa zaidi. Huko Athens alisifu mkate na maji, akamwomba rafiki kijungu cha jibini ili siku akitaka ajifanyie karamu. Ulaya jina lake likaja kumaanisha mpenda vyakula vya anasa! Kwa marabi wa Kiyahudi, apikorosi, neno linalofanana na jina lake, ni mkana dini, na Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inamnyima fungu katika ulimwengu ujao.

Nyerere, kinyume na hao, aliichagulia nadharia yake jina mapema: Ujamaa, katika andiko lake la 1962. Hata hivyo, wengi wakilisikia hukumbuka operesheni ya kuhamishia watu vijijini ya miaka ya 1970, ambayo andiko hilo halikuitaja.