Eti wanawachoma wagonjwa wa saratani VVU?

Maneno haya nimeyasikia sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nikayasikia tena kwenye basi la Njombe. Sishangai, nyanda hizi zimezika watu wengi kwa UKIMWI, na jina la kirusi hicho likitajwa tu, watu hushtuka. Tena uvumi wenyewe una chembe ya ukweli.

Katika CAR-T, tiba ya saratani inayotumia seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli T, zile za kinga. Maabara huziingizia kinasaba kipya, na mara nyingi mbebaji wake ni kirusi kilichotengenezwa kutokana na VVU. Lakini kimenyofolewa vinasaba vya kuzaliana na kuleta ugonjwa. Kilichobaki ni ufundi wa kuingia ndani ya seli na kutua mzigo. Hakimpi mtu UKIMWI. Seli huota kipokezi kinachonasa alama iliyo juu ya seli za saratani, kwa mfano CD19, huzalishwa hadi kufika mamilioni, kisha mgonjwa hupewa kemo na kurudishiwa seli zake kwa dripu.

"Kumbe ni kama zile dawa za kupandisha kinga!" Hata kidogo. Saratani hutokana na seli za mwili wenyewe, hivyo kinga huweza kuipita bila kuitambua, na unga wa kwenye kopo haubadilishi hilo. Kinga iliyowaka kupita kiasi nayo ni hatari. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kupewa tiba hii, Philadelphia mwaka 2012, alifika ukingoni mwa kifo kwa homa, akaokolewa na tocilizumab, dawa ya baridi yabisi. Saratani yake ya damu haikurudi.

Kwamba inatibu saratani zote? CAR-T zilizoidhinishwa kwa saratani ni za saratani ya damu, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) na mailoma (saratani inayoanzia kwenye uboho). Shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, haimo. Kwa hiyo anayetaka kuuza shamba la parachichi ampeleke mama India kwa ajili ya tiba hiyo, aulize kwanza majibu ya patholojia, yaani kipimo kinachoonyesha ni saratani ya aina gani, yanasemaje.

Bei nayo: Marekani ilianza 2017 kwa dola 475,000. India iliidhinisha ya kwake 2023, nafuu zaidi, lakini bado ni makumi ya maelfu ya dola.