Hewa inayopanda aurora inapowaka

Anayetazama aurora huona pazia la kijani linaloning'inia angani, na miale yake huonekana kama inashuka. Ni kweli kuna kinachoshuka: elektroni, chembe ndogo zenye chaji hasi, hufuata uga sumaku wa dunia hadi kimo cha kilomita 100 hadi 150, zikagonga oksijeni, nayo ikawaka. Lakini juu ya pazia hilo kuna kinachopanda, na hicho jicho halikioni. Ni hewa yetu.

Huko juu, jua na elektroni hizo zimeshazipokonya baadhi ya atomu elektroni zake, zikabaki ioni zenye chaji chanya. Eneo hilo tunaliita ionosfia. Elektroni ni nyepesi mno, hivyo hupaa kirahisi. Ioni ni nzito, lakini chaji za pande mbili huvutana, na elektroni zikipanda huziburuta ioni. Mvutano huo huunda uga wa umeme, uliokisiwa tangu miaka ya 1960. Ulipimwa mara ya kwanza na roketi ya NASA iitwayo Endurance, iliyorushwa 11 Mei 2022 kutoka Ny-Ålesund, visiwani Svalbard, Norwei. Roketi ilifika kilomita 768, na tofauti ya umeme iliyopima njiani ilikuwa volti 0.55. Betri moja ya tochi ina volti 1.5! Hata hivyo, kwa ioni ya hidrojeni msukumo huo unazidi uvutano wa dunia mara 10.6.

Oksijeni ndiyo inayotuumiza kichwa. Ni nzito mara 16 kuliko hidrojeni, na ili itoroke kabisa inahitaji mwendo wa kilomita 10 hivi kwa sekunde. Nusu volti haitoshi kuitorosha. Hapo ndipo aurora inapoingia: inazipasha joto elektroni za ionosfia, uga wa umeme unapata nguvu, na ioni za oksijeni zinainuliwa mamia ya kilomita. Rada za utafiti za EISCAT, zilizojengwa karibu na Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na karibu na Longyearbyen, Svalbard, zimeziona zikipanda. Nyingi hurudi chini zisipopata msukumo wa pili.

Msukumo huo hutoka kwa mawimbi ya umeme na sumaku, yanayozizungusha ioni kwa kasi kwenye mistari ya uga. Mistari hiyo imebanana karibu na dunia, na juu imeachana. Chukua mbegu mbichi ya chungwa uibane kwa vidole: huchomoka kuelekea palipolegea. Ioni nazo huchomoka hivyo, kwenda juu.

Tusiogope kuishiwa hewa. Hata tukipoteza tani 100 kila siku, angahewa yote ingechukua zaidi ya miaka bilioni 100 kwisha. Tena si ioni zote zinazopotea. Nyingine hunaswa na uga sumaku. Mwaka 1972 watafiti walitangaza kwamba satelaiti imekuta ioni za oksijeni zikishuka kwa kasi wakati wa dhoruba ya sumaku, yaani jua linapoutikisa uga sumaku wa dunia, ilhali upepo wa jua, chembe zinazotiririka kutoka juani, karibu wote ni hidrojeni. Katika dhoruba kubwa kabisa, oksijeni hiyo iliyopanda kutoka kwetu huweza kubeba sehemu kubwa ya mkondo wa umeme unaoizunguka dunia.