Wadandiaji wa matumbawe: kabla hujamuua, mjue ni nani

Ukinunua kipande cha tumbawe cha kuweka kwenye tangi lako la samaki wa baharini, tumbawe si ndilo pekee linaloingia nyumbani. Kwenye vijitundu vya jiwe lake wamejibanza minyoo, kaa, konokono na viti vya pweza wadogo kuliko ukucha. Mimi nawaita wadandiaji: gari ni lako, nauli hawajalipa.

Wateja wangu wengi hapa Kampala walianza na samaki wa maji baridi, na huko walizoea kwamba konokono asiyenunuliwa ni wa kutupwa. Kwenye maji chumvi mazoea hayo yanakutia hasara. Sisi bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka hapa. Vijidudu vinavyosafisha mchanga na kula mabaki ya chakula ni nadra kuvikuta dukani; vingi huja kwa njia hiyo hiyo ya kudandia. Ukiloweka kila jiwe kwenye dawa kali, umefukuza wezi pamoja na wafagiaji.

Mama mmoja wa Bugolobi alinipigia usiku: "Fundi, kuna nyoka kwenye tangi!" Nikamwambia, "Mama, usiguse kitu, nakuja." Nilipomulika kwa tochi yenye karatasi nyekundu (wengi wao mwanga mwekundu hauwashtui), nikaona mkono mwembamba wenye vinywele ukipapasa mchanga, ukaokota chembe ya chakula, ukarudi shimoni. Ni kiti cha pweza chenye mikono mirefu, mfagiaji hodari. Yupo mpaka leo.

Mnyoo mwekundu wenye miiba pembeni naye huonewa bure. Aghalabu anakula uchafu tu. Wakizidi, punguza chakula unachomwaga, maana wao wanaongezeka kwa kadiri unavyowalisha. Usimshike kwa mkono mtupu: miiba yake inakatikia kwenye ngozi. Ikikuchoma, bandika utepe wa gundi uung'oe nayo, kisha pangusa siki.

Adui wa kweli ni aiptasia. Ni anemoni (mnyama laini wa baharini anayejibandika jiweni) ya rangi ya kahawia, mikono mirefu myembamba, na ukiisogelea inanywea jiweni ghafla. Inachoma matumbawe yaliyo jirani. Kosa la kila mgeni ni kuikwangua kwa kisu. Kila kipande cha nyayo yake kinachobaki kwenye jiwe kinaweza kuwa anemoni mpya, kwa hiyo unakuwa umeipanda. Zima pampu, koroga hidroksidi ya kalisi safi (si chokaa ya ujenzi) iwe uji mzito, vuta kwa sirinji, na uimimine polepole mdomoni mwake mpaka ifunikwe. Chache tu kwa siku, kwa sababu uji huo unapandisha pH (kipimo cha uasidi) ya tangi zima. Kamba wa jenasi ya Lysmata wanaweza kuzila, ingawa wengine hawazigusi kabisa. Konokono asiye na gamba aitwaye Berghia hula aiptasia tu. Zikiisha, anakufa njaa.

Kaa wachunguze makoleo. Ncha bapa kama kijiko ni dalili ya mla mwani, na huyo mwache. Ncha kali, tena nyeusi, mwili una manyoya: huyo simwamini. Weka glasi ya chai ukiiegemeza kwenye jiwe, weka kipande cha samaki ndani, zima taa. Ataingia, lakini kioo kinateleza na hatoki. Mtego huo huo unaweza kumnasa kamba mwenye ngumi (kwa Kiingereza mantis shrimp), yule ambaye pigo la spishi yake moja, Odontodactylus scyllarus, limepimwa hadi mita 23 kwa sekunde. Lakini mlio wa "tak!" usiku, kama wa pigo lake, usikufanye ubomoe tangi, kwani kuna kamba mwingine mdogo anayelia hivyo hivyo na hana ubaya mkubwa.

Konokono wanaojenga mirija na kutandaza utando wa kamasi: vunja mdomo wa mrija, uzibe kwa gundi ya supa (super glue).

Kazi yote hii inapungua ukikagua jiwe kabla halijaingia. Liweke kwenye ndoo ya maji chumvi ya tangi lako, yenye hita na pampu, ulimulike kila usiku kwa wiki kadhaa. Maji ya bomba yana klorini, usiyatumie hivi hivi.

Na jambo moja sitanii. Ukichoka na wadudu, usichemshe jiwe kwenye sigiri. Zoanthidi kadhaa (wanyama wa baharini walio jamaa wa anemoni), hasa Palythoa, zina palitoksini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa viumbe wa Hawaii. Mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini. Jiwe usilolitaka lianike juani nje, mbali na watoto, likauke kabisa, na ulishike kwa glavu na miwani ya kukinga macho.