Kashfa ni nini, na sheria yake ilifikaje Uganda

Kashfa, kisheria, ni maneno, maandishi au picha inayomshushia mtu hadhi mbele ya watu wenye busara ya kawaida. Anayedai kukashifiwa ana mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba kilichosemwa kinashusha hadhi kweli, kwamba kinamhusu yeye, na kwamba kilimfikia mtu wa tatu. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Ukimwandikia mweka hazina wa SACCO yenu, yeye peke yake, kwamba amekula pesa za wanachama, umemuudhi lakini hujamkashifu. Ukiuweka ujumbe huohuo kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, kesi ipo. Matusi matupu ya sokoni, yale ambayo kila asikiaye anajua ni hasira tu, kwa kawaida mahakama haiyahesabu kuwa kashfa, hata yawe machungu namna gani.

Uganda haina sheria moja ya Bunge inayosimamia madai ya kashfa, kama waliyonayo Kenya. Kesi za fidia huamuliwa kwa kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza, zilizoingizwa kwetu na amri ya kikoloni ya tarehe 11 Agosti 1902. Kando yake kuna kosa la jinai la kashfa katika Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo mtu akikufokea, "Nitakupeleka mahakamani umenichafulia jina!", huenda anataka pesa zako, au anataka ufungwe. Ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina ukoo wake.

Ukoo wa fidia ulianzia kanisani. Mwaka 1222 baraza la Kanisa lililokaa Oxford liliamua kwamba yeyote atakayemsingizia mtu mwenye sifa njema kosa la jinai, kwa chuki, atatengwa na Kanisa. Ulimi mbaya ulikuwa dhambi, na dawa ya dhambi ni toba: mkosaji alikiri hadharani na kumwomba radhi aliyemsingizia. Pesa haikuwamo. Ni katika karne ya 16 ndipo mahakama za mfalme zilipoanza kupokea kesi hizi na kutoa fidia, na watu wakamiminika. Majaji walilemewa, wakaanza kuyasoma maneno kwa maana nyepesi kuliko zote ili waifute kesi. Pia walidai mtu aliyekashifiwa kwa mdomo aonyeshe hasara aliyoipata, isipokuwa kama amesingiziwa jinai, ugonjwa wa kuambukiza, au kutoifaa kazi yake. Sharti hilo la hasara, lililozaliwa na uchovu wa majaji wa zamani, bado linamkabili mtu wa Kampala anayeshtaki kwa maneno ya mdomo.

Ukoo wa jela ni mwingine kabisa. Mwaka 1275 sheria ya Mfalme Edward I iliharamisha kueneza uvumi wa uongo unaoweza kuleta mfarakano kati ya mfalme na raia au wakuu wake. Hapo kilicholindwa ni utulivu wa utawala. Jina la mtu wa kawaida halikuwa na nafasi. Kisha likaja shauri la 1605 katika mahakama iliyoitwa Star Chamber, mahakama ya washauri wa mfalme isiyokuwa na baraza la wazee wala huruma nyingi. Mtu mmoja alikuwa ametunga mashairi ya kumdhihaki askofu mkuu wa Canterbury aliyekuwa amekwisha kufa, pamoja na aliyemrithi. Edward Coke, mwanasheria mkuu wa mfalme, ndiye aliyetuachia taarifa ya shauri hilo na kanuni zake. Kumwandika vibaya mtu binafsi kunaichochea jamaa yake kulipiza kisasi. Kumwandika vibaya kiongozi ni kubaya zaidi, maana kunaigusa serikali. Haijalishi kama yaliyoandikwa ni kweli, wala kama mwandikwa yu hai au amekufa.

Tazama sasa Kanuni ya Adhabu ya Uganda. Inasema haijalishi kama anayekashifiwa yu hai au marehemu, ila kwa marehemu lazima Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aridhie kwanza. Mashairi ya 1605 yako pale, yamevaa nguo mpya. Katika kesi ya fidia marehemu hawezi kudai chochote, kwa sababu jina lake limezikwa naye. Katika jinai anaweza kukufungisha. Kama lengo la kosa hili ni kumponya aliyeumizwa, kwa nini mfu ahesabiwe? Kwa maoni yangu kifungu hicho kinafichua kwamba kosa hili tangu mwanzo lilitungwa kwa ajili ya amani ya watawala.

Star Chamber ilivunjwa mwaka 1641, na mahakama za kawaida zikarithi kazi yake. Ndiyo asili ya mgawanyo wa kashfa ya maandishi, inayochukuliwa kuwa nzito bila kuonyesha hasara, na ile ya mdomo. Ukweli uliendelea kutokuwa kinga katika jinai hadi 1843, na hata hapo kwa sharti: mshtakiwa aonyeshe pia kwamba kuuchapisha kulikuwa na manufaa kwa umma. Sharti hilo nalo liko katika kanuni yetu. Kwenye madai ya fidia, kinyume chake, ukweli peke yake unatosha.

Waingereza walipokuja hawakutuletea haya moja kwa moja. Kwanza walitumia kanuni ya jinai ya India, ambayo iliadhibu kashfa ya mdomo na ya maandishi pamoja. Kanuni ya 1930 ikaibadilisha hiyo, na iliyofuata mwaka 1950 ikaendelea na mkondo huo wa Kiingereza: maneno matupu ya mdomo na ishara haviingii katika kosa hili.

Baada ya Katiba ya 1995, inayolinda uhuru wa kusema katika ibara ya 29, majaji walianza kung'oa magugu hayo ya zamani. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, katika shauri la waandishi wa habari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, ikisema kauli haikosi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu mwingine anaiona si sahihi. Mwaka 2010 kosa la uchochezi dhidi ya serikali nalo likafutwa. Lakini kashfa ya jinai ilipopingwa na waandishi wa gazeti la Monitor, Mahakama ya Katiba mwaka 2009 iliiacha isimame, kwa hoja kwamba ni mpaka unaokubalika chini ya ibara ya 43. Kenya, ambayo kosa lake lilitoka katika kiwanda kilekile cha kikoloni, ililifuta kwa hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 2017. Mji wa Busia uko pande zote mbili za mpaka, na baada ya hukumu hiyo maandishi yaleyale yalikuwa jambo la fidia tu upande mmoja, na jambo la polisi upande wa pili.

Kwa anayetaka jina lake lisafishwe, njia ya fidia ndiyo inayomhusu. Hakimu mkuu husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 50, na yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Kwa kawaida wakili huanza kwa barua ya kudai maneno yafutwe na radhi iombwe. Ikifika mahakamani, mdai hana kazi ya kuthibitisha kwamba aliyoandikiwa ni uongo. Aliyeandika ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ni kweli, na kwa ushahidi. "Hata mimi niliambiwa" si utetezi.